Tope la Lango la Chini

Maabara ya maji, bwawani
8 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, maana kiti cha ofisi hii kina miguu mitatu na mguu wa nne ndio wangu. Huku wote wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, likishapata joto linamwachia azunguke. Mdogo wangu amejifungua salama, mtoto wa kike, analia kama mtu anayenadi mitumba. Bado tunasubiri anyamaze tumpe jina.

Mwezi uliopita nilikupigia simu. Ukasema "Sitaki kununua!" ukakata. Hapo nikakumbuka kwamba masikio yako yaliliwa na nyundo na mashine za kusaga vyuma. Basi, kalamu.

Jambo lenyewe ni hili: nimehamishiwa kwenye bwawa lile lile ulilofanya kazi ukiwa kijana. Mimi ndiye mpima maji. Kila asubuhi naingia ziwani kwa boti, nachota, napima ukungu wa maji na kina chake. Siku ya kwanza nilishusha kamba ya timazi karibu na ukuta. Kitabu kinasema hapo ni mita arobaini. Kamba ikalegea kwenye kumi na saba. Nikadhani imenasa kwenye kitu, nikaipandisha, nikashusha tena. Kumi na saba. Mwendesha boti akacheka mpaka boti ikayumba. "Dada, hapo chini maji yamekwisha. Kilichobaki ni tope."

Mita ishirini na tatu za tope, Mjomba! Sijalala vizuri tangu hapo, kwa furaha. Nimelitoboa kwa bomba refu nikapata kipande chake: lina mistari, mweusi, wa kahawia, mweusi, wa kahawia, mwembamba mwaka wa ukame, mnene mwaka wa mafuriko. Naliangalia kama mtu aliyeokota magazeti ya zamani.

Sasa swali. Kwenye mchoro wa ukuta kuna lango la chini, lililowekwa makusudi ili tope lipitishwe kila mwaka. Faili linasema: "Limekwama kwa kutu." Hakuna sahihi wala tarehe. Wewe ulikuwepo. Ilikuwaje?

Mpwa wako anayenuka tope.


Karakana, mlango wa mto
27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, mara mbili kwa sababu ya ile simu. Nilidhani ni wale watu wa bima. Hongera kwa mtoto. Mwacheni alie, mwenye mapafu hapotei sokoni. Mama yako msalimie sana. Mwambie goti alikande kwa maji ya moto na... hapana, usimwambie kitu. Msalimie tu.

Mimi nipo. Karakana yangu ni ile ile ya bati, natengeneza pampu za maji, mageti na madawati ya shule iliyo jirani. Sisikii vizuri, lakini chuma kikiwa na ufa bado nakijua kwa kukigusa.

Na wewe unayependa kupima, nikupe la kupima. Nilipohamia hapa, kutoka mlango wa karakana hadi ukingo wa maji zilikuwa hatua mia moja na kumi. Leo ni sitini na moja. Miguu ni ile ile, kama imefupika ni kidogo. Januari choo cha walimu kiliondoka na maji wakati wa likizo, tunashukuru hakikuwa na mwalimu ndani. Wengine wanasema bahari imepanda. Wengine wanasema ardhi imechoka. Mwalimu mkuu ana maelezo marefu sana ambayo, bahati nzuri, siyasikii. Mimi nasema sijui, na kutojua kunaniwasha kama upupu. Nimepigilia vigingi vya chuma kila hatua tano, navihesabu Jumapili.

Kuhusu lango la chini: lilikwama. Kutu. Andika hivyo, uendelee na kazi.

Mjomba wako.


Bwawani
14 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mtoto amepata jina na bado analia, kwa hiyo tatizo halikuwa jina. Mama nilimsomea barua yako. Nilipofika kwenye salamu akainuka, akasema anaenda kuangalia jiko. Jiko lilikuwa limezimwa tangu mchana. Mna nini ninyi wawili? Tangu nina akili sijawahi kuwaona mmekaa kwenye chumba kimoja. Nikimuuliza, ananituma dukani.

Haya, vigingi vyako vimenipendeza kuliko ripoti zote za ofisi hii. Naomba tufanye kazi pamoja. Tafuta chupa tatu za kioo zenye vifuniko. Panda juu ya mto, mbali na pale bahari inapoingia, chota moja ukingoni, moja katikati, moja chini kabisa. Ziweke dirishani, usiziguse siku tatu. Kisha chukua rula upime kilichotuama chini: mchanga, udongo, chochote. Mimi nimechota za kwangu huku, mbili juu ya ziwa mto unapoingia, na moja chini ya ukuta maji yanapotoka. Sikwambii nimeona nini, nisije nikakuharibia macho.

Kuhusu kutu, nimekusikia. Ila fundi mkuu wa mitambo, mzee tunayemwita Babu Spana, anasema vyuma vya malango mengine yote vya mwaka ule ule havina kutu ya kukwamisha hata kabati. Yeye naye kutojua kunamwasha.

Mpwa wako.


Mlango wa mto
20 Aprili

Mpwa wangu,

Samahani kwa kuchelewa, usidhani nimenuna. Ukuta wa darasa la tatu umepasuka, ufa unaingia kiganja. Tumehamisha madawati, na watoto sasa wanasomea kwenye karakana yangu, kati ya pampu. Wanajua jina la kila spana. Hesabu bado. Msalimie mama yako.

Chupa. Nimezikalisha siku tatu, nikaongeza mbili kwa wasiwasi. Nimeziinamia nikiwa na miwani yangu na ya mwalimu mkuu juu yake. Hakuna kitu. Chupa ya chini kabisa ina vumbi kidogo, kama mtu amepuliza unga. Nilifurahi sana, nikamwita mwalimu mkuu aone maji yetu yalivyo safi. Naye akaangalia, akaniandikia kwenye daftari, maana ndivyo tunavyoongea: "Mara ya mwisho mto huu ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa lini?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekumbuka.

Lakini mimi nakumbuka nilikokulia, huko katikati ya mto. Kila baada ya mafuriko maji yalirudi yakaacha tope laini mashambani, unene wa kidole, wakati mwingine wa kiganja. Mama yako alikuwa anafika wa kwanza. Anakanyaga, anachora mstari kwa kidole cha mguu, anasema, "Kuanzia hapa ni kwangu." Maboga yaliyoota kwenye mstari wake yalikuwa makubwa kuliko kichwa changu, na unajua kichwa changu.

Hatua ni hamsini na mbili sasa. Chupa zako zina nini? Mchanga umeenda wapi?

Mjomba wako.


Bwawani
2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Poleni kwa darasa. Waambie watoto wajifunze kuhesabu kwa hatua zako, hesabu hiyo haisahauliki.

Chupa zangu: mbili za juu ya ziwa zina tope la vidole viwili kila moja. Ile ya chini ya ukuta ni nyeupe kama yako. Mchanga wenu upo hapa, Mjomba. Nimeukalia. Ile timazi iliyolegea kwenye mita kumi na saba ilikuwa imekaa juu ya ufukwe wenu.

Nimesoma na kuuliza kwa watu wanaojua, na hivi ndivyo ninavyoelewa. Mto unaposhuka hubeba mzigo: mawe milimani, mchanga bondeni, udongo laini mpaka mwisho. Ukifika kwenu unapumzika, unauweka chini. Bahari kila siku inachukua kidogo, mto unarudisha kidogo, ndiyo maana ukingo unakaa mahali pake. Sisi tumeweka ukuta katikati. Mto unaingia ziwani, unasimama, mzigo unaanguka wote. Maji yanayotoka upande wa pili hayana mzigo, lakini nguvu ya kubeba bado yanayo. Yanachukua kila yanachokutana nacho: kingo, mizizi, misingi ya madarasa. Maji uliyoyafurahia kwa usafi wake ndiyo yanayowala.

Na kuna jingine. Wiki iliyopita Babu Spana alishuka kwenye chumba cha lango la chini na taa na brashi ya waya. Akasugua kutu kwenye fremu nusu saa. Akaniita. Kulikuwa na mshono wa kuchomelea, kushoto na kulia, mrefu kama mkono wangu, umenyooka, mzuri kabisa. Akasema, "Kutu haijui kupiga mstari. Huyu ni fundi, na alikuwa na muda."

Mhandisi mkuu ameamua mishono ikatwe na lango lifunguliwe lote, tarehe 15 Juni. Anataka kiangazi, maji yakiwa machache, mafundi wafanye kazi bila taabu. Wote tumefurahi. Ardhi yenu itarudi.

Nakuuliza mara moja tu, na ukikataa sitarudia: nani alichomelea?

Mpwa wako.


Bwawani
25 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wiki tatu sijapata neno. Je, barua haijafika, au imefika? Nilimwambia mama kwamba tutafungua lango la chini. Alikuwa amembeba mjukuu. Akaniuliza, "Mwezi gani?" Nikasema wa sita. Akamweka mtoto kitandani taratibu, akasema, "Wa sita," akatoka nje.

Nina wasiwasi na sijui wa nini. Niandikie.


Mlango wa mto
28 Mei

Mpwa wangu,

Barua hii nampa mwalimu mkuu mkononi, anapita kwenu kuelekea kwenye semina. Nimemwambia akiipoteza asirudi.

Nilichomelea mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwangalizi wa malango. Kanuni ilisema lango la chini lifunguliwe kila mwaka mafuriko yakiwa juu. Tangu bwawa lijengwe, miaka minane, hakuna aliyelifungua. Bosi alisema akifungua atapoteza maji ya umeme. Mimi kila siku nilipita pale, gurudumu la kuzungushia limepakwa grisi, halijaguswa. Bosi akaenda likizo. Ilikuwa mwezi wa sita, mto mwembamba kama mkanda.

Nilitaka kuona. Nimetafuta sababu nyingine miaka yote hii, ya kuniheshimisha kidogo, sijaipata. Nilitaka kuona kitatoka nini.

Nikazungusha gurudumu. Mizunguko minne ilikwenda laini. Maji yakatoka meupe, halafu ya kahawia, nikashangilia peke yangu. Nikaongeza wa tano. Gogo likaingia chini ya lango, likabana. Lango halipandi, halishuki. Kisha likaanza kutoka tope jeusi. Si rangi tu, ni harufu, kama mayai elfu yaliyooza, macho yananitoka machozi. Tope lililokaa chini miaka minane bila hewa, likaingia kwenye mto usio na maji ya kulichanganya. Lilitoka mpaka asubuhi ya pili.

Samaki walikufa mto mzima, mwendo wa siku tatu.

Mama yako na baba yako walikuwa na mabwawa manne ya samaki, waliyachimba kwa mikono, na maji waliyavuta kutoka mtoni. Wewe ulikuwa mgongoni. Nilishuka kwenda kwao siku ya tatu. Nilimkuta amesimama kwenye bwawa la pili, maji mapajani, anaokota samaki waliokufa na kuwaweka kwenye kikapu. Hakulia. Akaniuliza, "Ni wewe uliyefungua?" Nikasema, "Hapana. Limefunguka lenyewe." Akaangalia viatu vyangu. Vilikuwa vyeusi mpaka kwenye vifundo vya miguu. Akarudi kuokota.

Baba yako alikwenda mbali kutafuta kibarua cha mgodini baada ya hapo, na unajua kwamba hakurudi mzima. Sisemi ni mimi niliyempeleka kwenye ule mgodi. Mama yako anaweza kusema hivyo.

Niliporudi bwawani tulilitoa gogo, lango likashuka. Bosi aliporudi likizo hakutaka maneno, akaandika kutu. Nilichukua mashine nikachomelea, ili asitokee mwingine mwenye kutaka kuona. Kisha nikahamia mahali pa mwisho kabisa ambapo mto huu unafika.

Sasa sikiliza. MSIFUNGUE KIANGAZI. Mtarudia yale yale, na safari hii tope si la miaka minane. Fungueni mvua kubwa ikija, mto ukiwa umejaa, kidogo kidogo. Mizunguko minne, usizidishe. Onyeni watu wa chini wafunge mifereji yao. Mwambie mhandisi. Mwambie kiziwi mmoja aliwahi kufungua.

Mama yako... msalimie.

Mjomba wako.


Bwawani
17 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua ilifika tarehe 11, zikiwa zimebaki siku nne. Mwalimu mkuu aliitoa kwenye soksi. Anasema ulimtisha.

Nikampelekea mhandisi mkuu siku ile ile. Akasoma ukurasa mmoja, akanirudishia. "Hii ni hadithi ya mzee. Nipe vipimo." Nilikasirika nikataka kulia, kisha nikaona ana haki: hata wewe ungetaka kuona.

Basi nikafanya hivi. Nilichukua mapipa matatu na samaki wadogo kumi kila pipa. La kwanza maji ya mto tu. La pili nikaweka tope jeusi la chini ziwani, ndoo moja, na maji kama ya kiangazi. La tatu ndoo ile ile, ila nusu tu, na maji mengi yanayomiminika mfululizo kama mafuriko. Nikamwita mhandisi. Alikuja amevaa viatu vyake vya kung'aa, akasimama mbali. Baada ya dakika kumi samaki wa pipa la pili wakaanza kupanda juu wakihema. Akasogea. Baada ya nusu saa alikuwa amepiga magoti kwenye matope pembeni yangu, tai imeingia majini. "Wanakosa hewa," akasema. "Tope linakunywa hewa yao." Saa moja haikufika, wote kumi wakalala ubavu. Pipa la tatu wakafa wawili. Wanane wakaendelea kuzunguka, wamekasirika lakini wazima.

Akainuka, akajifuta magoti, akafuta tarehe ya 15 kwenye ubao kwa kiganja chake. Tutafungua mvua kubwa. Kabla ya hapo tutapita vijiji vyote vya chini kuwaeleza watu, na kila mwenye mfereji ataambiwa siku na saa.

Na uache kujibebesha ardhi yote. Mishono yako ni sehemu. Ukuta wenyewe ungezuia mengi hata lango lingekuwa wazi, na wakubwa watano wamepita hapa miaka thelathini bila hata mmoja kusugua ile kutu.

Mama nilimpa barua yako mkononi. Sikumsomea. Alikaa nayo uani mpaka kivuli kikahama ukutani. Niliiomba niiweke faili, akasema, "Ni yangu." Basi nimeandika nakala kwa kukumbuka.

Babu Spana anauliza kama utakuja kumshikia taa.

Mpwa wako.


Mlango wa mto
5 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Siji. Mwambie Babu Spana akate mshono wa kushoto kwanza, wa kulia ndio unaobeba uzito. Apake grisi mpya sehemu za juu, ile ya zamani itakuwa imeganda kama sabuni. Na chujio la magogo mbele ya lango liwekwe kabla ya kitu kingine chochote.

Wiki iliyopita wazazi walikutana kuamua shule ihamie wapi. Mwalimu mkuu aliandika ubaoni ulichonieleza kuhusu mchanga na lango. Mzazi mmoja akauliza, nilimsoma midomo, "Nani alilifunga hilo lango?" Nikasimama. Nikasema. Sauti yangu siisikii, kwa hiyo nadhani nilipiga kelele. Watu walinyamaza, au walisema mengi, kwangu ni sawa. Mama mmoja aliyepoteza banda lake alinijia mpaka usoni, akazungumza muda mrefu. Sikumwomba arudie. Nilielewa yote.

Kesho yake alileta pampu yake niitengeneze. Hakunisalimia. Niliitengeneza vizuri kuliko pampu zote.

Mjomba wako.


Bwawani
17 Novemba

Mjomba,

Shikamoo, na leo naandika nikiwa nimesimama, kwa sababu siwezi kukaa.

Tulifungua tarehe 11. Mvua ilikuwa imenyesha siku tano, mto umejaa mpaka miti inaogelea. Watu wa chini wote walikuwa wamefunga mifereji na kuteka maji ya kutosha. Babu Spana alishika gurudumu. Mzunguko wa kwanza, hakuna. Wa pili, sakafu ikaanza kutetemeka, hata wewe ungesikia, kwa miguu. Maji meupe yakatoka, halafu ya kahawia. Mzunguko wa tatu likaja tope jeusi, likaingia kwenye mafuriko, likageuka kijivu, halafu kahawia, halafu huwezi tena kulitofautisha na mto. Harufu ilikuwepo. Wa nne hatukuufikia. Mhandisi aliangalia vipimo vyangu vya hewa ya maji akasema, "Inatosha leo." Saa mbili wazi, kisha tukafunga. Kesho yake tukafungua saa mbili nyingine. Tumefanya hivi wiki nzima, na tutafanya kila mwaka.

Vijijini wameokota samaki wachache waliokufa. Wachache. Nimewahesabu mwenyewe: thelathini na wanne.

Mama alikuja siku ya kwanza. Sikumwita. Nilimwona amesimama kwenye reli na mwavuli, goti na yote, anaangalia chini. Nilisogea nikadhani atasema kitu kuhusu baba. Akaniuliza, "Mpaka kwake linachukua siku ngapi?" Nikasema maji yanafika siku ya saba, tope litafuata polepole. Akahesabu kwa vidole.

Jana asubuhi nilikuta kitanda chake kimetandikwa na begi halipo. Mdogo wangu anasema aliomba ratiba ya mabasi. Hajaacha ujumbe. Mjomba, kama amefika, nijulishe. Kama hajafika, nijulishe haraka.

Mpwa wako.


Mlango wa mto
2 Desemba

Mpwa wangu,

Mama yako yupo. Goti limevimba kwa safari, nimelipatia kiti cha mwalimu mkuu. Usimlaumu kwa kutoaga, alisema angeaga ungemtafutia sababu ya kubaki.

Nikueleze kwa utaratibu, maana ulitaka vipimo. Maji yalibadilika tarehe 18. Asubuhi mto ulikuwa kijani, mchana ukawa kahawia. Watu walikasirika kidogo kwa sababu ya kufua. Nilichota chupa tatu na watoto wa darasa la tatu wakazipangia zamu ya ulinzi. Baada ya siku tatu, ya ukingoni ina nusu kidole. Ya katikati, kidole. Ya chini, kidole na robo. Walipiga kelele, nimeambiwa. Hatua sasa ni arobaini na nne na sitegemei ziongezeke mwaka huu wala ujao. Shule itahama, karakana itafuata. Lakini kwa mara ya kwanza tangu nipigilie vigingi, Jumapili mbili zimepita bila ukingo kusogea hata kidole kimoja. Labda ni bahati. Nitaendelea kuhesabu.

Maji yalipokupwa, mbele ya vigingi kulikuwa na kitu kipya: ulimi wa tope, mpana kama chumba, laini, unang'aa, haujakanyagwa na hata ndege. Nilikuwa nimesimama naangalia. Mtu akanigusa bega. Nikageuka, mama yako, na begi lake.

Nikamwonyesha. Yeye akavua viatu, akanishika mkono kwa sababu ya goti, akashuka nami mpaka lile tope likatufika kwenye vifundo vya miguu. Akainama, akachota tope kidogo kwa kidole, akalinusa. Halafu akaniangalia, akasema taratibu, midomo wazi kabisa ili niisome:

"Linanuka."

Nikasema, "Ndiyo. Ni langu."

Akalitupa, akajifuta kidole kwenye shati langu, pande zote mbili. Kisha akaendelea kushikilia mkono wangu, kwa sababu pale tope lilikuwa na kina kirefu kuliko tulivyodhani, na hakuna kati yetu aliyeweza kutoka peke yake.

Mjomba wako.